Kijiti chenye Alama Kumi na Moja

Nitaanza na ushindi wangu, maana sina subira ya kuuweka hadi mwisho. Jumamosi moja, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, niliondoka kwenye ua wa ofisi ya kilimo mjini Bukoba nikiwa nimempakia mtunza stoo nyuma yangu, juu ya pikipiki ambayo yeye mwenyewe alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba haina hata tone la petroli. Nilimpeleka Kemondo. Nilimrudisha pia, ingawa katikati hapo kulitokea jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka mikono hunitoka jasho.

Nilikuwa bibi shamba. Kazi yangu ilikuwa kuzungukia wakulima wa kahawa upande wa Muleba, kuwafundisha kupogoa mibuni na kuchuma zilizoiva tu, na kusimamia shamba la pamoja la kijiji ambalo kila mtu alilipenda kwa maneno. Mabwana shamba walikuwa wengi, mabibi shamba tulikuwa wachache, na mwenye pikipiki miongoni mwetu nilikuwa mimi peke yangu. Nilivaa suruali ndani na gauni juu yake ili watu wa kanisani wasipate la kusema, nao wakasema vilevile. Niliipenda ile pikipiki kuliko nilivyopaswa kupenda mali ya umma. Ilikuwa nyekundu, ya injini ndogo ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, na mlio wake ulijulikana kutoka Kagoma kwetu hadi Muleba. Wakulima walisema wakiusikia huficha kahawa mbichi waliyoichuma kabla ya wakati.

Kila Jumamosi asubuhi nilikuja nayo Bukoba kutoa taarifa na kujaziwa mafuta. Hapo ndipo alipoingia mtunza stoo.

Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni, na kosa lake kubwa ni kwamba alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Angekuwa mwizi tungeelewana upesi. Petroli ilikuwa adimu, na yeye aliilinda kama mtu anayelinda sakramenti. Pipa la mchanganyiko wa pikipiki yangu lilikaa peke yake pembeni mwa stoo, halikutumiwa na gari lolote, na lilikuwa na pampu ya mkono isiyo na mita. Kopo la kupimia lita lilikuwa limetoboka siku nyingi. Kwa hiyo yeye akatengeneza kipimo chake. Alichukua kijiti kinyoofu cha mbuni, akakimenya gome, akakitumbukiza kwenye tangi la pikipiki mpaka kikagota. Palipofikia mdomo wa tangi akakikata. Kisha, kwa kuwa kitabu cha pikipiki kilisema tangi linabeba lita kumi na moja, akakigawa kijiti sehemu kumi na moja zinazolingana kabisa, akachonga alama kwa wembe na kuzipaka wino. Ilikuwa kazi safi. Hata mimi nilikisifu.

Utaratibu wake ulikuwa hivi: nikifika anatumbukiza kijiti, anasoma, anaandika kwa chaki kwenye ubao wa stoo lita nilizotumia, kisha anapampu hadi tangi lijae. Wiki baada ya wiki kijiti kilitoka kikavu, naye akaandika kumi na moja. Na kwa safari zangu, ambazo hazikuzidi sana kilomita mia mbili kwa wiki, kumi na moja ilikuwa aibu. Kitabu kilisema pikipiki ile iende kilomita thelathini kwa lita. Kwa ubao wa mtunza stoo yangu haikufika hata ishirini.

Jumamosi moja nilikuta mkuu wetu, bwana kilimo, amesimama mbele ya ule ubao mikono nyuma.

"Bibi shamba," akaniambia, "hii pikipiki inakunywa, au kuna mtu mwingine anakunywa?"

"Sikuelewi, Mzee."

"Kemondo kuna wavuvi wana mashine kwenye mitumbwi yao. Nawe kila wiki unapita Kemondo."

Damu ilinichemka hadi masikioni. Nilitaka kumwambia maneno ambayo Tata, baba yangu, asingependa kuyasikia kutoka mdomoni mwangu, lakini nilimwona mtunza stoo ameinamisha uso. Yule mtu hakuwa akifurahi. Aliamini kweli kwamba mimi ni mwizi, na ilimuuma. Hilo lilinishika pabaya kuliko maneno ya mkuu.

Nikapewa wiki mbili. Ama nionyeshe petroli inakwenda wapi, ama nirudishe funguo, na pikipiki apewe bwana shamba fulani ambaye hata baiskeli ilimshinda. Mimi ningehamishiwa ofisini kupiga chapa. Hayo ya kupiga chapa ningeyameza. Lakini kila mkulima kuanzia Muleba hadi Kagoma angejua nimenyang'anywa kwa wizi, na ni nani angenisikiliza tena nikimwambia apogoe mibuni yake?

Siku hiyohiyo nikaikokota hasira yangu hadi Bilele kwa fundi. Alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, mwenye kofia nyeupe ambayo kwa namna nisiyoielewa haikupata kushika oili. Nilimweleza kwa sauti ya juu. Akanisikiliza, akasema bismillahi, akachukua spana.

"Pikipiki haisemi uongo, dada," akasema. "Kama inakula sana, tutaona inapolia."

Tulianza na plagi. Ilikuwa nyeusi ya masizi. Tukaisafisha. Akafungua kichujio cha hewa, na humo mkatoka vumbi jekundu la barabara yote ya Muleba, ungeweza kupanda mchicha. Akakiosha kwa petroli yake mwenyewe, akakipaka oili. Akafungua karbureta, akashusha sindano yake ngazi moja ili injini inywe kidogo. Akainua gurudumu la nyuma akalizungusha kwa mkono. Likazunguka nusu likasimama.

"Ona," akasema. "Breki inakushika. Umekuwa ukienda huku mtu anakuvuta gauni."

Akalegeza breki, akakaza cheni kiasi, akajaza upepo kwenye matairi. Ilipowaka sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. Nilirudi Muleba nikiimba ndani ya kofia yangu. Nilijua nimepata mwizi wangu: breki, vumbi na sindano. Wiki nzima niliendesha kwa adabu, sikukimbia mteremkoni wala kuunguruma kwenye vilima, na wakulima wakalalamika kwamba siku hizi nawafumania.

Jumamosi ya pili mtunza stoo akatumbukiza kijiti. Kikatoka kimelowa ncha tu, hadi alama ya kwanza. Akaenda ubaoni akaandika: kumi.

Kumi! Kazi yote ile ya Bilele imeokoa lita moja. Mkuu alisema Jumamosi ijayo nije na funguo, na nije nimejiandaa kurudi Muleba kwa basi. Mtunza stoo akajaza tangi. Aliponikabidhi kifuniko alisema, kwa sauti ya chini kama mtu anayemshauri dada yake, "Ndugu, ungekiri tu. Wangekusamehe."

Niliipiga kiki ile pikipiki kwa nguvu kiasi kwamba nilijiumiza kifundo cha mguu.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa nilikwenda nyumbani Kagoma. Tata alikuwa kwenye kibanja, shamba letu la migomba nyuma ya nyumba, na bwato lake. Kwa asiyejua, bwato ni gogo lililochongwa kama mtumbwi, ambamo kwetu Bukoba hukamuliwa ndizi mbivu za rubisi na humo humo pombe huachwa ichachuke chini ya majani ya migomba. Bwato la Tata lilikuwa la zamani sana. Alipewa na baba yake. Siku hiyo rubisi ilikuwa tayari, walimaji waliomsaidia walikuwa wamekwisha kunywa sehemu yao, na alikuwa akingoja jirani mmoja aje kuchukua kibuyu alichoahidiwa.

Nilimsalimu kwa kupiga goti, suruali na yote, kisha nikaanza kumwaga yaliyonijaa. Tata alikuwa na desturi ya kumpa kazi mtu mwenye hasira.

"Angalia kama imebaki ya kumtosha huyu jirani," akaniambia.

"Mimi? Kwenye bwato?"

Kwa mila yetu bwato ni la wanaume. Mama yangu aliishi naye miaka yote ile akilizunguka kwa mbali kama linauma.

"Wewe unaendesha pikipiki," akasema. "Bwato litakufanya nini?"

Nikafunua jani, nikaokota ufito mkavu, nikautumbukiza katikati. Uligota mara moja. Ulipotoka ulikuwa umelowa vidole viwili.

"Imekwisha, Tata. Haijazi hata nusu kibuyu."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha kukohoa, kilichoanza polepole.

"Umepima katikati."

"Nipime wapi tena?"

"Pima mwishoni. Huku, halafu na kule."

Nikaupeleka ufito kwenye ncha ya bwato. Ulizama hadi kiganja changu kikagusa rubisi. Nikajaribu ncha ya pili, vilevile. Nikarudi katikati: vidole viwili.

"Aliyelichonga alikutana na kifundo cha mti," Tata akasema. "Shoka likakataa, akakiacha chini humo, akachimba huku na huku. Mgeni akipima katikati ataondoka na kiu, na rubisi ipo. Baba yangu alinipa bwato, akanipa na habari ya kifundo."

Nilisimama na ule ufito mkononi, ukinidondokea kwenye kiatu. Nakumbuka vizuri kwamba sikufikiri chochote kwa maneno. Miguu ndiyo ilianza kwenda. Nilikwenda hadi kwenye pikipiki yangu, iliyokuwa imeegeshwa chini ya migomba na tangi lililojazwa jana, nikafungua kifuniko. Nikachukua ufito mwingine safi, nikautumbukiza moja kwa moja katikati, kama afanyavyo mtunza stoo. Ukagota. Nikaushika kwa kidole palipofikia mdomo. Kisha nikachuna uzi mwembamba wa kamba ya mgomba, nikafunga nati ya akiba kwenye ncha yake, nikaishusha si katikati bali pembeni, upande wa kushoto. Nati ikagusa kitu, ikateleza, ikaendelea kushuka. Ilishuka, ikashuka. Nilipoivuta na kuilinganisha na ufito, uzi uliolowa ulizidi kwa vidole vinne. Nikajaribu kulia. Vidole vinne.

Nikapiga magoti nikapitisha mkono chini ya tangi. Miaka yote niliyoliosha sikuwahi kulipapasa hapo. Bomba nene la fremu lilipita katikati, na tangi lilikuwa limelikalia kama mtu aliyepanda baiskeli, mguu huku na mguu huku. Tangi langu lilikuwa limevaa suruali kama mimi. Kijiti cha mtunza stoo kilikuwa kinashuka kiunoni, kinagota kwenye mapaja, naye anaandika kwamba mtu hana miguu!

Ndipo yote yakanijia kwa mkupuo. Kijiti kikitoka kikavu petroli imejaa bado kwenye miguu yote miwili. Yeye anaandika kumi na moja, anapampu hadi juu, na pampu haina mita ya kumsuta. Kwa kweli hakupata kuingiza kumi na moja hata siku moja. Alikuwa akiingiza saba, labda. Nami nilikuwa sijawahi kuendesha hadi miguu ile ikauke, kwa kuwa kila Jumamosi alikuwa ananijazia palepale.

"Umepata nini?" Tata akauliza nyuma yangu.

"Nimepata kifundo, Tata."

Nilitaka kupanda saa ileile niende Bukoba nikamgongee mkuu mlango Jumapili yake, nimwage kila kitu sebuleni. Tata akanikataza.

"Ukiwaambia ni maneno," akasema. "Na wewe wanakuona mwizi, mwizi ana maneno mengi. Nenda siku waliyokuita. Nenda na bwato lenyewe."

Niliwahi kumtii Tata mara chache maishani, na hiyo ilikuwa mojawapo. Wiki ile nilifanya kazi zangu zote. Nilizunguka Muleba, nilizunguka vijiji, na niliendesha kwa mahesabu ili Jumamosi nifike kijiti kikiwa kikavu kabisa. Kitu kimoja tu kilinikosesha raha. Koki ya kupelekea petroli kwenye injini ilikuwa moja, upande wa kushoto. Petroli ya mguu wa kushoto ingeshuka. Ya kulia ingevukaje ule mwinuko wa katikati? Nilihisi jibu, lakini sikulijaribu, kwa kuogopa kumaliza kile nilichotaka kuwaonyesha.

Jumamosi ya tatu karibu ofisi nzima ilikuwa uani. Habari za mtu kunyang'anywa kitu huvuta watu. Mtunza stoo alitumbukiza kijiti, akakitoa kikavu, akakiinua ili mkuu aone.

"Nipe funguo," mkuu akasema.

"Nitakupa, Mzee. Kwanza naomba mtunza stoo aseme tangi lina nini."

"Halina kitu," mtunza stoo akasema.

"Hata lita moja?"

"Hata nusu."

"Naomba aandike."

Akaandika kumi na moja, akapiga mstari chini. Chaki ikakatika.

"Basi Mzee," nikasema, "kwa kuwa tangi ni tupu, nipe ruhusa niende Kemondo na kurudi. Nikirudi kwa miguu, chukua funguo na barua yangu ya kuacha kazi pia."

Watu wakaanza kunong'ona. Mkuu alinitazama kama anayemtazama mgonjwa. Mtunza stoo ndiye aliyesema, na namheshimu kwa hilo, maana lilikuwa swali la mtu anayejua kazi yake:

"Na Kemondo ukiongezewa na hao wavuvi?"

"Ndiyo maana tunakwenda wote. Panda."

Hakuwahi kupanda pikipiki maishani mwake. Alikaa kwenye karia kijiti mkononi, mkono mwingine haujui ushike wapi kwa heshima, mwishowe akashika ukingo wa kiti changu. Nikapiga kiki mara moja. Iliitika. Sikugeuka kuangalia nyuso za waliobaki uani, ingawa nilitamani sana.

Tulipita mjini, tukashika barabara ya kusini. Kila tulipopanda kilima nilimsikia nyuma yangu akivuta pumzi kama vile yeye ndiye anayetusukuma. Kila tulipofika juu nilimuuliza kijiti chake kinasemaje. Tulipofika Kemondo, kwenye mizigo na mitumbwi, akashuka, akajipangusa vumbi usoni. Wavuvi walikuja kumtazama mwanamke mwenye pikipiki. Mmoja akamuuliza mtunza stoo, kwa adabu kabisa, kama mimi ni dereva wake.

"Hamumjui huyu?" mtunza stoo akawauliza.

"Tumjulie wapi? Tunasikia mlio unapita tu."

Alikizungusha kijiti chake vidoleni, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia.

Tukageuza. Vilima vya kurudi vilionekana virefu zaidi, na karibu na mjini, kwenye mpando wa mwisho, injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima. Pikipiki ikarudi nyuma kidogo hadi nikaikamata kwa breki, na kukawa na ukimya ambao ndani yake ulisikia hata migomba.

"Basi," mtunza stoo akasema. Hakulisema kwa kunicheka. Alilisema kwa huzuni, na nadhani alikuwa ameanza kutaka nishinde.

Nilijua mguu wa kushoto umekauka. Sasa ilikuwa zamu ya lile jibu ambalo sikulijaribu.

"Shika hapa," nikamwambia. "Tunailaza."

"Tunailaza nini?"

"Pikipiki. Upande wa kushoto. Polepole, isitumwagikie."

Tuliilaza njiani mtu mzima yule na mimi, kama watu wanaomlaza mgonjwa kitandani. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha tukasikia. Ndani ya tangi kitu kilijimimina, glu, glu, glu, kikivuka kutoka kulia kwenda kushoto, muda mrefu kuliko vile mtu angetegemea kutoka kwenye chombo kitupu. Mtunza stoo aliinama, akaweka sikio kwenye bati. Alikaa hivyo hadi sauti ilipokoma. Alipoinua uso macho yake yalikuwa yametoka.

"Ilikuwa wapi?" akauliza.

Nilimshika mkono, nikaupitisha chini ya tangi, nikampapasisha bomba la fremu, na mguu mmoja, na wa pili. Akapapasa mara mbili. Kisha akakitazama kijiti chake, zile alama kumi na moja zilizolingana, nzuri, zilizopakwa wino, na uso wake ukajaa aibu nisiyotaka kuiangalia.

Tuliisimamisha. Nikapiga kiki: mara ya kwanza, hapana. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu ikanguruma, na mimi nikapiga yowe juu ya kilima kile kama mwanamke aliyeona panzi wa senene wa kwanza wa msimu. Sikuona aibu wakati ule na sioni leo. Tuliingia uani huku nimelalia honi, na kila mtu aliyebaki akatoka ofisini, na mpiga chapa wa ofisi akanishika mikono akacheza nami. Wakati huo mtunza stoo alikuwa amekwisha kushuka. Hakusimama kuelezea. Alikwenda moja kwa moja stoo kwenye lile pipa.

Kwa ubao wake pipa lilikuwa limebakiwa na petroli ya kunisukuma wiki moja au mbili, na pipa jipya halikuwa na dalili ya kuja. Tulimsikia akiligonga kwa kijiti, kutoka juu kwenda chini. Mlio ulikuwa wa debe tupu kwa juu, halafu ukabadilika ukawa mzito, ukaendelea kuwa mzito hadi chini. Akatumbukiza ufito mrefu. Akatoka nao nje, ameushika kwa mikono miwili, umelowa karibu nusu yake.

"Mzee," akamwambia mkuu mbele ya wote, "petroli iliyopotea ipo. Haikuwahi kutoka humu. Mimi niliipima vibaya, na nimemsingizia huyu."

Mkuu alikohoa, akasema jambo kuhusu umuhimu wa kila mtu kutunza mali ya umma, kisha akasema funguo nikae nazo, na kwamba kwa kuwa petroli ipo nizungukie na vijiji vya mbele ya Muleba ambavyo havikuwa vimefikiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Niliipokea, maana nilikuwa na furaha kiasi kwamba ningepokea chochote.

Kabla sijaondoka mtunza stoo alitafuta kopo jipya la lita. Akaondoa petroli yote tangini, akaanza kuingiza lita moja moja, na kila lita akatumbukiza kijiti kipya kutoka pembeni, kwa pembe aliyoichagua baada ya majaribio mengi, akachonga alama hapo petroli ilipofikia. Safari hii alama hazikulingana. Chini, kwenye miguu, ziliachana sana. Juu ya kiuno zikabanana. Kilikuwa kijiti kibaya kukitazama, naye hakukipaka wino.

Jumamosi iliyofuata nilifika kama kawaida. Alikuwa amesimama mlangoni pa stoo na kijiti kimelala kwenye viganja vyake viwili, kama vile kwetu mtu anavyompa mgeni buni za kutafuna.

"Pima wewe," akasema.

Nikafungua kifuniko, nikatumbukiza, nikakitoa. Yeye alikuwa amekwisha kunipa mgongo, chaki mkononi, anautazama ubao.

"Nimetumia saba," nikasema.

Akaandika saba.